Bwawa la Majitaka Jangwani: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia

Siku niliyokabidhiwa funguo za mabwawa yetu, bwawa la tatu lilikuwa kiwanja cha mpira. Watoto walikuwa wamepanga magoli ya mawe juu ya sakafu iliyopasukapasuka, na kipa amesimama mahali ambapo mchoro wa mhandisi unaonyesha maji ya kina cha mita moja na ushee. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema udongo haukushindiliwa, bwawa linavuja. Mwingine alisema paipu imeziba. Wa tatu alisema mkandarasi alikula pesa. Hakuna aliyekuwa amepima kitu.

Tuko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, safari ndefu ya vumbi kutoka Lodwar, mji ambao wenyewe hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Wanaotumia mfumo wetu ni kama watu 400: shule ya bweni, zahanati, vyoo vya soko na nyumba chache. Majitaka hushuka kwa paipu hadi bwawa la kwanza, lenye kina cha mita tatu, ambako uchafu mzito unazama na kuozea bila hewa. La pili lina mita moja na nusu. Humo mwani wa kijani hutengeneza hewa ya oksijeni mchana na bakteria huitumia kula uchafu uliobaki. La tatu ni la kuua vijidudu kwa jua na muda. Hakuna mota wala umeme. Mfumo wa namna hii hukosewa kwa sababu miongozo yake mingi imeandikwa kwa ajili ya watu wenye maji mengi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kosa bwawani, hesabu maji yanayoingia na yanayopotea. Nusu ya dalili nitakazotaja hapa zinatokana na hesabu hiyo.

Bwawa la mwisho ni kavu, au mfumo hautoi maji kabisa

Anza na kalamu. Watu 400, kila mmoja akitumia lita 25 kwa siku, ni mita za ujazo 10. Sehemu humwagwa uani au hunyweshwa kuku, kwa hiyo tuseme 8 zinafika bwawani. Sasa geukia jua. Siku ya joto na upepo huku kwetu, kupotea kwa milimita 8 za maji si ajabu, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mabwawa yetu matatu yana uso wa mita za mraba 1,000. Zidisha: lita 8,000, yaani mita za ujazo 8. Yanayoingia yote yanapaa angani. Bwawa la tatu halikuwa limeharibika. Maji ya kulijaza hayakuwahi kuwepo.

Lakini hesabu ya kalamu si ushahidi, na kuvuja kupo kweli. Cha kutenganisha jua na uvujaji ni ndoo. Chota maji ya bwawa ujaze ndoo karibu na ukingo, itie jiwe isielee, isimamishe kwenye maji ya kina kifupi huku mdomo wake ukiwa juu ya maji. Weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo, na nyingine kwenye kijiti ulichochomeka nje yake. Ziba paipu ya kuingilia na ya kutokea. Weka mlinzi, maana mbuzi mmoja akinywa kwenye ndoo umepoteza kazi yote. Rudi baada ya siku tatu. Ndoo na bwawa vikishuka sawa, mwizi ni jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ndiyo inayovuja. Sisi tulipata milimita 25 ndani ya ndoo na 26 bwawani, na ukishika rula kwa mkono wenye jasho katika upepo wa Turkana, milimita moja si tofauti.

Kama linavuja, jangwani uvujaji haujifichi. Zunguka nje ya tuta asubuhi ukitafuta majani mabichi au udongo wenye kiza. Ukichoka kutafuta, angalia mbuzi wanakula wapi. Chimba hapo ufuate unyevu: aghalabu utakuta shimo la panya, mzizi uliokufa, au mahali paipu inapopita kwenye tuta bila kushindiliwa pembeni. Jaza kwa udongo wa mfinyanzi wenye maji kiasi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipondwa kabla ya linalofuata.

Kama ni jua, punguza uso wa maji. Hapa ndipo watu huogopa, wakidhani kufunga bwawa ni kupunguza usafishaji. Kwa makisio ya kawaida ya wahandisi, mtu mmoja huzalisha kama gramu 40 za uchafu kwa siku, ukipimwa kwa oksijeni unayohitaji ili uoze. Katika joto la nyuzi 28, bwawa la kijani hubeba takriban gramu hizohizo 40 kwa kila mita ya mraba. Mtu mmoja, mita moja ya mraba, na hapo hujahesabu zaidi ya nusu inayobaki katika bwawa la kwanza. Bwawa letu la pili lina mita 450 za mraba. Linatosha na kubaki. Isitoshe, kwa maji machache hivi, tone linakaa humo zaidi ya siku 60, muda ambao wa mjini hawauoti. Tuliziba njia ya kwenda bwawa la tatu, tukapeleka paipu ya la pili moja kwa moja kwenye miti. Watoto tuliwahamisha, sakafu iliyowahi kupokea majitaka ina mayai ya minyoo hata ikikauka ikawa kama tofali.

Tahadhari moja: bwawa la udongo likishakauka hupasuka, na siku utakayolirudishia maji litavuja kama kikapu. Lilowanishe kidogokidogo na kulishindilia upya kwanza.

Majitaka hayafiki, chemba inafurika

Fungua mifuniko ya chemba, yale mashimo ya ukaguzi njiani mwa paipu, ukianzia chini, karibu na bwawa, ukipanda juu. Chemba kavu ya mwisho na chemba iliyojaa ya kwanza utakayokutana nayo zimelishika tatizo katikati yake. Zikiwa zote zimejaa, kizibo kipo mdomoni mwa bwawa. Zikiwa zote kavu, funga mifuniko uende kisimani: pampu ya sola imekufa, nawe unahangaika na paipu zisizo na kosa.

Paipu ya majitaka hujisafisha yenyewe maji yakikimbia kama sentimita 60 kwa sekunde. Kikombe kimoja cha kumwaga chooni hakiwezi kufanya hivyo. Kinyesi husogea hatua mbili, kikakaa, kikangoja kikombe kingine. Juu yake huja gunzi, gazeti, sodo. Na huku kwetu kuna kitu ambacho sijakiona katika mwongozo wowote: mchanga na jivu. Mama zetu husugua sufuria kwa mchanga, na sufuria inang'aa kuliko ya sabuni, kisha yote humiminwa kwenye karo. Jikoni pa shule peke yake palitutolea karai tatu za mchanga kutoka kwenye chemba moja. Usipoteze muda kuwahutubia wapishi. Jenga kisanduku cha matofali chini ya karo, mchanga utue humo, na mtu mmoja aliyetajwa jina autoe kila Ijumaa. Zaidi ya hapo, mara moja kwa wiki jaza mapipa mawili ya lita 200 kwenye chemba ya juu kabisa, uyapindue yote kwa mpigo. Maji ya kusuuzia matangi au ya kufulia yanafaa. Usitumie ya kunywa.

Rodi ya kuzibulia ikikwama kwenye kitu kinachonyumbuka, na ukivuta ikatoka na nywele za kahawia, hiyo ni mizizi ya mathenge, etirae kwa Kiturkana. Mti huu uliletwa katika maeneo makavu ya Kenya kuanzia miaka ya 1970 kuzuia jangwa, ukageuka kero hadi wakazi wa Baringo wakaenda mahakamani mwaka 2006 wakiwa na mbuzi aliyeng'olewa meno na maganda yake. Mzizi wake unanusa unyevu wa paipu kutoka mbali. Kukata mizizi ndani ya paipu ni kupogoa tu. Itarudi ikiwa minene zaidi. Ng'oa mti, chimbua kiungo kinachovuja, badilisha kiungo.

Na usiingie ndani ya chemba. Gesi yenye harufu ya mayai viza inaua, na ikizidi huua kwanza pua: harufu inapotea ukadhani gesi imekwisha. Aliyeanguka humo hafuatwi na mwenzake aliyeshikwa na huruma; anavutwa kwa kamba ambayo alifungwa kabla ya kuinama. Kama hakuna kamba na watu wawili juu, kazi haifanyiki siku hiyo, hata soko zima likilalamika.

Harufu

Swali la kwanza: saa ngapi? Harufu ya alfajiri inayokwisha kabla ya saa nne asubuhi ni ya kawaida. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, bwawa linakabwa, na jua likipanda linapumua tena. Inayonuka kutwa nzima ndiyo ya kushughulikia.

Pima tope la bwawa la kwanza. Chukua mti mrefu, uuvishe taulo jeupe mpaka mita mbili hivi kutoka ncha ya chini, ufunge kwa uzi. Ukiwa umesimama mahali imara, ushushe wima polepole hadi uguse sakafu, hesabu hadi kumi, upandishe polepole vilevile. Maji yatachuruzika taulo likabaki kijivu hafifu. Tope halitachuruzika, litaacha alama nyeusi yenye mstari kama wa soksi. Pima urefu wa soksi hiyo katika sehemu tano au sita, kwa kuwa tope hurundikana karibu na mdomo wa paipu. Likifika theluthi moja ya kina, litolewe. Kwa watu 400 tegemea mita za ujazo 16 hivi kwa mwaka, na mchanga ukiwa mwingi, zaidi.

Lori la kunyonya kutoka mjini linaweza kugharimu zaidi ya tope lenyewe. Sisi tulitandaza tope juu ya kitanda cha mchanga, unene usiozidi sentimita 30, nalo likakauka kabla mwezi haujaisha. Hapo jangwa ni rafiki. Lakini tope kavu si mbolea bado. Mayai ya askarisi hustahimili, kwa hiyo lirundike, liandike tarehe, lisiguswe kwa mwaka mmoja na zaidi.

Kama tope ni dogo na bado linanuka, uliza nini kimeingia. Shule ikifunguliwa, watoto 200 hurudi siku moja na bwawa hushtuka kwa wiki moja au mbili, kisha hutulia. Damu ya machinjio ni jambo jingine: ina uchafu mkali mara nyingi kuliko majitaka ya kawaida, na pipa moja kila siku ya soko linatosha kuharibu bwawa dogo. Damu ichimbiwe shimo lake, isiingie kwenye paipu.

Chanzo cha tatu husahaulika kwa sababu hakiko bwawani hata kidogo. Visima vingi vya nchi kavu vina maji yenye salfeti, na bakteria wasiotumia hewa huigeuza kuwa ile gesi ya mayai viza. Yakizidi miligramu 500 kwa lita, bwawa la kwanza litanuka hata kama umelijenga kwa ustadi wote. Omba karatasi ya vipimo vya kisima. Ilitolewa siku kilipochimbwa na huwa kwenye faili ya kamati ya maji. Dawa ni kurudisha maji ya kijani kutoka bwawa la pili na kuyatandaza juu ya la kwanza, ili gesi ipite kwenye tabaka lenye oksijeni kabla ya kutoka. Pampu ndogo ya kumwagilia inatosha, kwa muda wa saa mbili kila jioni.

Utando mzito juu ya bwawa la kwanza usiutoe. Umefunika harufu na umehifadhi joto. Ukizaa nzi, unyunyizie maji ya bwawa mpaka uzame sehemu. Utando kwenye bwawa la pili, kinyume chake, uondolewe siku hiyohiyo, maana unazuia jua. Upepo utakuwa umekusaidia kwa kuusukumia kona moja.

Rangi

Bwawa la pili likiwa kijani kibichi kinachong'aa, nenda ukanywe chai. Kijivu au jeusi: limezidiwa, rudi kwenye harufu. Zambarau au waridi hutokana na bakteria wanaokula gesi ya salfa; katika bwawa la kwanza ni wasaidizi na wala usishtuke, katika la pili ni onyo kwamba oksijeni imepungua. Likisafika ghafla hadi uone sakafu, na ndani kuna vijidudu vyekundu vinavyorukaruka, basi viroboto-maji wamekula mwani wote. Hupita wenyewe baada ya siku kadhaa. Kahawia ya chai ya maziwa baada ya mvua maana yake laga, mkondo unaotiririka mvua ikinyesha tu, imeingia ndani. Hapo hakuna dawa zaidi ya subira ya wiki mbili tatu na kuzibua mfereji wa kukinga maji, ambao upepo ulikuwa umeujaza mchanga tangu mvua ya mwaka uliopita na kila mtu akawa anaupita.

Mbu

Mbu hawazai katikati ya bwawa lenye mawimbi ya upepo. Wanazaa ukingoni kwenye majani, na kwenye kipande cha utando kilichosahaulika. Fyeka ukingo kila baada ya wiki mbili na panga mawe bapa kwenye mstari wa maji. Matete yakiota ndani, kina kimepungua chini ya mita moja: ni tope au mchanga. Wengi wa hapo ni kuleksi, wasumbufu wa usiku wasioambukiza malaria. Watu wakiugua malaria, kagua kwanza mapipa na matangi ya nyumbani. Tangu mwaka 2022 kuna mbu mgeni aliyegunduliwa Marsabit, Anopheles stephensi, naye hupenda maji safi yaliyohifadhiwa.

Mifugo ndani ya uzio

Tulitengeneza uzio mara nne. Mara ya nne mzee mmoja mwenye ngamia, aliyekuwa ameketi kwenye ekicholong yake, kigoda cha Kiturkana, akitutazama tukifunga waya, aliniambia, "Kijana wangu, ngamia hajui kusoma kibao chako. Mpe maji." Tulijenga birika karibu na kisima, uzio ukakaa. Ng'ombe wanaokunywa majitaka hupata malengelenge ya tegu nyamani, na nyama hiyo inarudi kwa mtu yuleyule aliyeacha lango wazi.

Miti inaungua

Majani yanaanza kukauka pembeni kama yaliyopitishwa motoni, na udongo una ukoko mweupe asubuhi. Watu husema majitaka ni makali. Jua huchukua maji na kuacha chumvi. Katika mfumo wetu, tangu tufunge bwawa la tatu, zinaingia mita 8 za ujazo, 4.4 zinapaa, 3.6 zinabaki na chumvi yote ya zile 8: mara mbili na zaidi. Maji yaliyoingia yakisoma 1.8 kwenye kifaa cha kupimia chumvi (milisimensi kwa sentimita), yatatoka na 4.

Kwa 4, maharagwe hayana maisha. Yanaanza kuumia chumvi ya udongo ikifika 1. Nyanya kwenye 2.5. Mtende huanza kuhisi kwenye 4, kwa hiyo panda mtende, mkoma na miti ya kivuli, na sukumawiki iachie bustani ya maji ya kisima. Hata kama chumvi ingeruhusu, mboga inayoliwa mbichi haifai kuguswa na maji haya kabla hayajapimwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1989, ambacho maabara nyingi bado hukitumia kama kipimo cha haraka, ni bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100 na yai la mnyoo lisilozidi moja kwa lita.

Namna ya kumwagilia pia ina mchango. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku kunaweka chumvi juu, palepale penye mizizi. Kusanya maji siku tatu, kisha lowesha shina moja mpaka chini kabisa, jioni, bila kugusa majani. Mtende wetu wa tatu kutoka langoni ulikuwa umebaki na kuti moja. Tulikwangua ukoko wa chumvi kwa jembe, tukauzungushia bakuli la udongo, tukaujaza mara mbili kwa wiki. Sasa una makuti tisa, na mbuzi wameanza kuuangalia.